Somo la wiki: Walijuaje kama meli haitazama?



Tulipokwenda Bristol kuitazama SS Great Britain, tulishuka mpaka chini ya gudi tukasimama ubavuni mwake. Meli hii ya chuma ilishushwa majini mwaka 1843. Leo kutu imeila, na mabamba mengine yametoboka kabisa. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, watu waliopanda humu walijuaje kama haitazama?" Nikamjibu kwamba waliamini tu. Lilikuwa jibu la haraka, na halikuwa sahihi. Leo nalirekebisha.

Tuanze na maneno, maana wazee wetu wa pwani wametuachia mengi. Mti mrefu wa chini kabisa unaobeba chombo chote huitwa mkuku. Mbavu zinazopanda kutoka kwenye mkuku ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni shetri. Meli ya chuma ina mkuku na mataruma vilevile, ila badala ya mbao hufunikwa kwa mabamba ya chuma, na badala ya misumari, zamani ilishikwa kwa ribiti. Chini ya shetri kuna rafadha, ile pangaboi kubwa inayosukuma maji. Ukiyajua maneno haya, unaweza kusoma ripoti ya mkaguzi wa meli wa karne ya 19.

Sasa jibu. Katika London ya karne ya 18, wafanyabiashara wa bima walikutana kwenye mkahawa uliobaki na jina la mwenyewe wa zamani, Edward Lloyd. Meli ikizama, wao ndio waliolipa. Kwa hiyo walitaka kujua hali ya kila meli kabla haijaondoka. Mwaka 1760 wakaunda chama, na daftari lao la kwanza tulilonalo ni la mwaka 1764. Kila meli ilipewa herufi ya mwili wake: A, E, I, O au U. Ndiyo, watoto, ni irabu zetu zilezile! A ndiyo bora, U ndiyo mbovu. Vifaa kama nanga na kamba vilipewa alama yake, na baadaye alama hiyo ikawa tarakimu. Hapo ndipo ilipotoka A1: mwili mzuri, vifaa vizuri.

Lakini nani anampa nani daraja? Wenye meli walilalamika kwamba meli zao zinashushwa bila haki, wakachapisha daftari lao wenyewe kuanzia mwaka 1799. Kwa zaidi ya miaka 30 yakawapo madaftari mawili, moja la kijani na jingine jekundu, kila moja likivutia upande wake. Biashara ya wote ikaumia. Mwaka 1834 pande zote mbili zikaungana katika chama kimoja cha Lloyd's Register, chenye wakaguzi wake na kanuni zake.

Kisha kikaja chuma. Mbao walizijua: mti gani hudumu miaka mingapi, huoza wapi. Chuma kilikuwa kigeni. Kilivuta dira, hata nahodha akapotea njia. Kilikula kutu mahali pasipoonekana, hasa kwenye vyumba vya makaa yenye unyevunyevu. Hata hivyo Great Britain ilipopanda mchangani Ireland mwaka 1846, ilipigwa na mawimbi karibu mwaka mzima, na ilipotolewa bado mwili ulikuwa mzima. Watu wakaanza kukiheshimu chuma. Mwaka 1855 Lloyd's Register wakatoa kanuni za kwanza za meli za chuma, na mwaka 1870 ikaja alama ya 100A1 ambayo hutumika mpaka leo.

Mkaguzi alifanya kazi gani hasa? Aliingia ndani na taa na nyundo. Aligonga ribiti moja moja. Iliyolegea hulia tofauti na iliyokaza. Palipokuwa na shaka bamba lilitobolewa ili kupima unene uliobaki. Kisha alijaza fomu yenye maswali yaliyochapishwa: jina la meli, nahodha, imejengwa wapi, na nani, lini, mwenyewe nani, inakwenda safari gani, imekaguliwa ikiwa majini au ndani ya gudi. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, maana meli ikiwa majini chini yake huoni. Mwishoni aliweka sahihi yake. Abiria hawakuisoma fomu ile, lakini matangazo ya safari magazetini mara nyingi yalitaja A1.

Hata hivyo daraja halikusema kila kitu. Meli yenye mwili mzuri ikijazwa shehena kupita kiasi itazama tu. Mbunge Samuel Plimsoll alipigania hilo kwa miaka. Sheria ya mwaka 1876 ikaamuru meli ichorwe mstari ubavuni, lakini ikamwachia mwenyewe achague pa kuuchora! Ilibidi ije sheria nyingine mwaka 1890 kuuweka mahali pake.

Kwetu je? Mwaka 1872 meli za barua za British India zilianza safari za kawaida kati ya Aden na Zanzibar. Barua na abiria wa pwani wakaanza kutegemea chuma na makaa badala ya kusubiri kaskazi na kusi.

Kazi ya nyumbani. Wadogo: chora meli, uandike mkuku, taruma, omo, shetri na rafadha mahali pake. Wakubwa: mwombe mzazi cheti cha ukaguzi wa gari, kisha andika sentensi tano: gari limekaguliwa nini, na kitu gani muhimu hakikukaguliwa. Wazazi: ripoti nyingi za zamani za Lloyd's Register zimewekwa kwenye intaneti, bure, chagueni meli moja mwisome pamoja. Na mwenye babu au bibi pwani ampigie simu, amuulize sehemu za jahazi. Majina mtakayopata tutayaandika ubaoni Jumamosi ijayo, na nina hakika mengine hata mimi siyajui.