Dondoo muhimu: Kubadili filta ya dizeli nyumbani

Mkazi wa Ushongo mwenye Land Cruiser ya zamani ya injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2, hana haja ya kuvuka kivuko hadi Pangani mjini kumtafuta fundi wa filta tu. Gari likikosa nguvu mlimani, au taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, aanzie hapo. Dizeli ya madumu mara nyingi huja na maji yake.

Injini ipoe kwanza, na sigara ikae mbali. Aweke beseni chini, afungue filta kwa spana yake, kisha sensa ya maji iliyo kitakoni aihamishie kwenye filta mpya. Achungulie juu: raba ya zamani hupenda kubaki imeganda pale, na raba mbili zikikutana gari litanyonya hewa na kuzima njiani. Raba mpya ipakwe dizeli safi, filta ikazwe kwa mkono tu.

Wapo wanaoijaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga. Si vizuri. Mafuta hayo hayajachujwa, na yanaweza kupenya moja kwa moja hadi kwenye pampu, ambayo ndiyo ghali. Afadhali abonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo awashe na kukagua kama inavuja.

Dizeli chafu isimwagwe mchangani kamwe: mayai ya kasa yanayookolewa kisiwani Maziwe huhamishiwa ufukwe huohuo wa Ushongo.