Kiyoyozi cha ukubwa gani?

Swali: Chumba chetu cha kulala hapa Tanga ni mita 4 kwa 4, na dirisha linapigwa na jua la jioni. Muuzaji ananishauri ninunue kiyoyozi cha BTU 18,000 ili chumba kipoe haraka. Nimsikilize?

Jibu: Hapana. Kwa joto la pwani, kadiria BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Mita zako 16 zinahitaji takriban 9,600. Kwa sababu ya jua hilo, chukua cha 12,000. Dirisha likitiwa kivuli kwa nje, cha 9,000 huenda kikatosha. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupoza upesi kisha hujizima kabla hakijaondoa unyevunyevu, na mtalala kwenye baridi yenye majimaji.

Chagua chenye inveta, maana hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Kisha soma kibandiko: BTU 12,000 ni wati 3,500 hivi za kupoza. Kikila wati 1,000 za umeme, uwiano ni 3.5; namba hiyo ikiwa kubwa zaidi, umeme wa luku utadumu zaidi. Ulizia pia kinga ya kutu kwenye mtambo wa nje, kwani upepo wa bahari una chumvi. Kiweke nyuzi 25 au 26, na uoshe chujio kila mwezi.