Leseni ya Udereva na Ridhaa ya Kutoa Kiungo cha Mwili: Sheria Yasemaje?

Somo la toleo hili limetokana na maswali tuliyoulizwa na wananchi huku Adumi na kando ya barabara iendayo Koboko. Watu wamesikia kwamba zipo nchi ambamo mwenye kuomba leseni ya udereva huulizwa kama yu radhi viungo vyake vitolewe baada ya kufa, wapewe wagonjwa. Hilo ni kweli. Lakini habari ilipokuwa ikipita kutoka kinywa hadi kinywa ilitiwa chumvi. Sasa yasemwa kwamba Uganda nayo imekwisha kuweka sharti hilo, na kwamba polisi wakimkuta majeruhi mwenye leseni hawatafanya haraka kumfikisha hospitali.

Uvumi huu si wa kuchekwa. Panapotokea ajali, saa ya kwanza ndiyo iamuayo. Mtu aogopaye gari la polisi aweza kumficha ndugu yake nyumbani, au kumvusha mpaka juu ya pikipiki hali mfupa umevunjika. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza jambo lenyewe lilivyo.

Tuanze na kwetu. Bunge la Uganda lilipitisha mwishoni mwa 2022 sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu, nayo ikawa sheria ya nchi mwaka 2023 baada ya Rais kuitia saini. Sheria hiyo inaunda baraza la kusimamia kazi hii, inataka upasuaji ufanyike katika hospitali zilizoidhinishwa tu, inataka ridhaa, na inakataza kiungo cha mtu kufanywa bidhaa. Desemba 2023 madaktari wa Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mtoaji alikuwa mtu hai. Kabla ya hapo, mgonjwa mwenye uwezo alisafiri India au kwingineko. Asiye na uwezo aliendelea kusafishwa damu kwa mashine, mara kadhaa kila juma, katika hospitali kama Kiruddu jijini Kampala. Kutoka Adumi hadi huko ni karibu kilomita 500. Mkulima wa tumbaku au mama muuza mihogo hawezi kuyabeba maisha ya namna hiyo.

Kuhusu leseni, jibu ni fupi. Leseni ya udereva ya Uganda ni kibali cha kuendesha chombo cha moto. Haibebi alama yoyote ya kutoa kiungo.

Alama hiyo asili yake ni Marekani. Mwaka 1968 iliandikwa huko sheria ya mfano kuhusu zawadi ya viungo vya mwili, na katika miaka michache majimbo yote yakaikubali. Baadaye watunga sheria walijiuliza: ni wapi tutawakuta watu wazima karibu wote, mmoja mmoja, kalamu ikiwa mkononi? Jibu likawa ofisi ya leseni. Mwombaji huulizwa swali moja. Akikubali, jina lake huingia katika daftari la jimbo na leseni yake hupata alama. Leo zaidi ya watu milioni 150 wameandikishwa nchini humo, wengi sana kati yao kwa njia hiyo. Hata hivyo wagonjwa zaidi ya 100,000 bado wanangoja kiungo, kwa kuwa ni wachache mno wanaokufa katika hali inayoruhusu viungo vyao kutumika. Uingereza nayo, tangu 2011, imekuwa ikiwauliza swali hilo waombao leseni kwa njia ya intaneti.

Jimbo la Illinois latupa funzo zuri. Kabla ya 2006 mtu aliweza kutia saini, kisha siku ya kifo ndugu zake wakakataa, na neno lao likashinda. Tangu Januari 1, 2006, neno la marehemu mwenyewe ndilo lenye nguvu ya sheria. Mwaka 2018 vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kujiandikisha, lakini wazazi wao wamebakiziwa haki ya kukataa hadi kijana atimize miaka 18.

Kwa sisi polisi, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile sheria ya mfano ilipoandikwa upya mwaka 2006. Inasema kwamba leseni ikifutwa, ikisimamishwa au ikiisha muda, zawadi haifutiki pamoja nayo, maana ruhusa ya kuendesha gari ni ya serikali, na zawadi ni ya mtu. Inampa askari anayemkuta mtu aliyekufa au anayekaribia kufa wajibu wa kutazama kama ana hati ya ridhaa au ya kukataa, na kuifikisha hospitali. Wajibu wake unaishia hapo. Hana mamlaka juu ya mwili. Kisha sheria inaweka ukuta ambao tungependa kila mwananchi aujue: daktari anayemhudumia mgonjwa hadi kufa, na daktari anayethibitisha saa ya kifo, hawaruhusiwi kushiriki katika kutoa viungo wala kuvipandikiza. Anayepigania uhai wako asiwe na faida yoyote katika kifo chako.

Huenda mtu akauliza ajali za barabarani zinaingiaje katika habari hii. Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu duniani ulifanyika barani mwetu, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Desemba 3, 1967, chini ya daktari Christiaan Barnard. Siku iliyotangulia, msichana wa miaka 25, Denise Darvall, aligongwa na gari pamoja na mama yake walipokuwa wakivuka barabara. Mama alifariki. Binti alifikishwa hospitali, ubongo wake ukiwa umeharibika pasipo matumaini. Madaktari walimwendea baba, mzee Edward Darvall, aliyekuwa amempoteza mke na anampoteza mtoto siku hiyo hiyo, wakamwomba ruhusa. Akakubali. Moyo wa binti yake ulipewa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18. Figo moja alipewa mtoto wa miaka 10 ambaye hakuwa mzungu, jambo lililozua maneno mengi katika nchi ya ubaguzi wa rangi.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili. La kwanza, binti yule alifikishwa hospitali. Moyo uliokwisha kutolewa hudumu saa 4 hadi 6 tu, na figo iliyohifadhiwa kwa baridi hudumu siku moja au zaidi kidogo. Ili viungo hivyo vifae, damu haina budi kuendelea kuzunguka hadi saa ya upasuaji, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na vipimo vya damu na chembe za mwili vimekwisha kufanywa ili vilingane na vya mpokeaji. Mtu aliyekata roho kando ya barabara ya Vurra au Oraba hawezi kutoa moyo wala figo kwa mtu yeyote. Wanaosema kwamba gari la polisi hubeba maiti kwenda kuvuna figo wanasema jambo ambalo hata daktari mwovu asingeliweza.

La pili, aliombwa baba.  Mzigo wote ulimwangukia yeye, katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake. Swali la kwenye leseni lilibuniwa kuupunguza mzigo huo.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya, na kwa kweli wana sababu ya kuyachanganya. Mtu akifa kwa ajali au kwa ghafla, polisi huomba daktari aupasue mwili ili kujua sababu ya kifo. Uchunguzi huo ni wa sheria, ni kwa ajili ya haki ya marehemu, na haungoji ridhaa ya ukoo. Kutoa kiungo ni jambo jingine kabisa: ni zawadi, na pasipo ridhaa ni jinai. Ndugu wanaokabidhiwa mwili wenye mshono wana haki ya kuuliza ulifanyika uchunguzi gani na kwa nini, na afisa anayeshughulikia jalada anapaswa kuwajibu kwa upole.

Miongoni mwa Walugbara na Wakakwa, marehemu hurudishwa nyumbani azikwe kwa watu wake, na wazee hutaka kujua amekufaje. Hatuoni kwamba desturi hiyo inapingana na zawadi ya kiungo, ila inadai kwamba wazee wasikie habari hiyo kabla ya msiba. Kwa upande wa dini, Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu utoaji wa viungo alipowahutubia madaktari mjini Roma mwaka 2000, na baraza la wanazuoni wa fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliuruhusu mwaka 1988, kwa sharti la ridhaa na kutouza. Padri, mchungaji na shehe waweza kuulizwa.

Je, Uganda ifuate njia ya leseni? Uamuzi ni wa Bunge, lakini kwa kuwa tumeulizwa, tutasema tunavyoona. Leseni ingewakosa wengi: akina mama wasioendesha chombo, na vijana wa bodaboda ambao wengi wao hawana leseni hata leo (nao wasidhani tumewasahau). Kitambulisho cha taifa kingewafikia watu wengi zaidi. Tena kwetu anayempima dereva ni mkaguzi wa magari, naye ni polisi. Mtu aliye mbele ya afisa mwenye uwezo wa kumwangusha mtihani, akiulizwa kama atatoa figo, atajibu ndiyo hata kama moyo wake unakataa. Swali hilo likija kuulizwa siku moja, na liulizwe na mtu asiye na uwezo wa kukunyima kitu.

Lililobaki linatuhusu sana sisi tunaoishi mpakani na Kongo na Sudan Kusini. Mahali penye uhaba wa viungo, walanguzi hawakosekani. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret, kufuatia tuhuma kwamba vijana maskini walishawishiwa kuuza figo zao. Mtego huja kwa sura ya kazi: dereva anatafutwa mjini, mfanyakazi wa hoteli anatafutwa ng'ambo, nauli italipwa, na kabla ya safari utapimwa damu na mkojo. Kijana wa Adumi, wa Ariwara au wa Kaya akielezwa hivyo, na aulize kwa nini kazi ya kuosha vyombo inataka kujua kundi lake la damu.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2009 inahesabu utoaji wa viungo kuwa unyonyaji, na adhabu zake ni nzito. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu aliyesafirishwa kwa hila haadhibiwi kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Kwa hiyo aliyekwisha kupokea fedha za utangulizi, au aliyekwisha kutoa pasipoti yake, asijifiche. Na apige 999 au 112, ambazo hazitozwi malipo, au aje kituoni pamoja na mzazi wake au mwenyekiti wa LC, hata kama safari imepangwa kesho asubuhi.