Ramadhani 13: Mawazo, deni na usingizi



Ukisimama njia panda ya Usagara saa kumi na mbili asubuhi unatuona wote. Daladala za mjini zimejaa, malori ya Shinyanga yanapiga honi, bodaboda wanagombea abiria wa kuelekea Kigongo. Watu wamefunga, hawajalala vizuri, na kila mmoja ana hesabu yake kichwani: marejesho ya Ijumaa, kodi ya chumba, futari, na sasa nguo za watoto za Iddi. Ukimuuliza vipi, anakujibu "salama tu". Salama gani, wakati mtu ana wiki mbili hapati usingizi?

Wapo wanaosema Muislamu akizidiwa na mawazo basi imani yake imepungua. Hapo tunawaonea watu. Fungua Surat Yusuf. Nabii Yaakub, alayhi salaam, alimhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, akawajibu kuwa masikitiko yake anayapeleka kwa Allah. Huyo ni Nabii, na huzuni ile haikumtoa kwenye subira.

Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, anasema alimsikia mara nyingi akiomba dua moja, imo katika Sahihi Bukhari. Anajikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni, anataja na mengine, mpaka anafika kwenye uzito wa deni na kuelemewa na watu. Angalia deni lilivyowekwa dua moja na wasiwasi! Basi anayekonda kwa sababu ya mkopo wa kausha damu usimwambie tu "ongeza dhikri". Dhikri aongeze, lakini na deni lishughulikiwe.

Tuanzie nyumbani. Wengi wamekopa bila mwenza kujua, na ile kuficha inawala kuliko hata riba yenyewe. Mwambie mkeo, mwambie mumeo. Kisha mkubaliane Iddi ya mwaka huu iwe ya nguo zilizopo, zifuliwe na kupigwa pasi. Wewe unayedai, Surat Baqara aya 280 inakutaka umpe muda aliyekwama. Na wenye kutoa zaka, wenye madeni wamo katika wale wanane wa Surat Tawba aya 60. Tunawasahau kwa sababu wanavaa vizuri.

Usingizi nao ni haki ya mwili. Abu Dardaa alitaka kusimama usiku mzima, Salman akamwambia alale, na mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Mtume akasema Salman amesema kweli. Na huyo alikuwa anakesha kwa ibada! Sisi tunakesha na simu kuanzia Tarawehe mpaka daku, halafu adhuhuri tunagombana na kondakta.

Sasa jambo ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona. Unayetumia dawa za ugonjwa wa akili au za kifafa, usiziache kwa ajili ya swaumu. Muulize daktari kama zinaweza kupangwa futari na daku. Akisema haiwezekani, kula. Ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Qur'an, hukuitunga wewe, na asikutazame mtu vibaya. Mtume ametuamrisha kutafuta tiba, na hakuubagua ugonjwa wa kichwani.

Na kama mawazo yamefika mahali unaona heri usiwepo, usisubiri Iddi. Mwambie mtu leo hii, awe ndugu, jirani au imamu wako, akusindikize hospitali. Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na ukianzia kituo cha afya cha karibu watakuelekeza. Wewe uliyeambiwa, usimwache mwenzako peke yake usiku huo. Kaeni naye, mle naye daku, asubuhi mpande naye gari.