Nukta Moja, na Tovuti Iliyochelewa

Wengi mmeniuliza tovuti yangu ya khati imefikia wapi, maana niliahidi ingekuwa tayari kabla ya Ramadhani. Haiko tayari. Naomba nieleze kwa nini.

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kutengeneza bango la darsa. Nikanakili aya kwenye simu, nikaibandika katika programu ya usanifu, nikashughulika na rangi na mapambo. Programu ile ilizitenganisha herufi, kila moja ikasimama peke yake, na mpangilio ukaanzia kushoto. Mimi, msomi wa Masomo ya Kiislamu, nilitazama pambo, sikusoma. Bango likatundikwa siku mbili. Aliyeniita ni mama mmoja anayefagia msikiti, elimu yake ni ya madrasa tu: "Mwanangu, mbona haya hayasomeki?" Nilikosa pa kuweka uso wangu. (Bango lenyewe sikulitupa jaani, nililizika, kama maulamaa wanavyoelekeza kwa maandishi ya Qur'ani yasiyotumika tena.)

Kosa lilikuwa hivi. Kompyuta huhifadhi herufi za Kiarabu kwa mfuatano wa kusoma tu. Umbo la mwanzo, la kati, la mwisho au la peke yake huchaguliwa na programu inapoonyesha maandishi. Programu isiyofundishwa hivyo humwaga herufi kama punje za mahindi. Kwenye tovuti pia lazima uuambie ukurasa kwamba maandishi yanaanzia kulia, na uchague mwandiko wenye irabu zote. Nilipojaribu ukurasa wangu kwa simu yangu ulikuwa mzuri. Kwa simu ndogo ya mama, shadda zilikuwa zimepanda juu ya herufi jirani. Tangu hapo siandiki aya kwa vidole vyangu. Naichukua kutoka maandishi yaliyohakikiwa, kisha hafidhi anaisoma kwenye simu mbili tofauti.

Wazee wetu waliijua hofu hii. Misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu, na baa, taa na thaa zilikuwa na umbo moja. Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 Hijria, ndiye anayetajwa kuweka nukta za kuonyesha irabu, na baadaye Al-Khalil bin Ahmad akaleta alama za fat-ha, kasra na dhumma tunazozijua. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Walikuwa wanaona watu wanakosea kusoma.

Huku kwetu, Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa mkono na kuchonga mbao. Baadhi ya miswada yake ipo London hadi leo. Mnakili kama yeye akikosea, kosa linakaa kwenye karatasi moja. Langu mimi lingesambaa kwenye makundi ya simu kabla ya swala ya alasiri.

Likizoni, nyumbani Molo, niliacha kompyuta nikarudi kwenye kalamu. Matete nakata bondeni, nakausha kivulini, nachonga ncha mshazari na kuipasua katikati ili wino ushuke. Wino ni masizi ya koroboi na gundi ya mgunga. Mdogo wangu ananicheka kwamba namaliza karatasi kwa alifu ileile. Lakini tangu Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki 940, herufi hupimwa kwa nukta ya kalamu, na alifu ndiyo kipimo cha nyingine. Ukiikosea hiyo, ukurasa wote umepinda.

Jambo moja zaidi, nalo ni zito kwangu. Ukurasa wa kwanza niliutengeneza na kihesabio cha watazamaji, nikawa nakiangalia kabla ya adhkari za asubuhi. Hadithi ya niya, ile inayofungua Sahih Bukhari, nimeihifadhi tangu madrasa! Kihesabio nimekiondoa. Sijui kama riyaa imeondoka nacho.

Kazi imefikia hapa: alifu, baa, taa na thaa zimepita. Jimu imerudishwa na ustadhi wangu. Nukta yake nimeipandisha mno, anasema mwenye haraka ataisoma khaa. Kesho nachonga tete jipya, naiandika upya.