NDOVU WA SANYA NA SEHEMU YA MASKINI

Mtu asafiriye kutoka Boma la Ng'ombe kwenda Sanya Juu, kisha akaendelea kaskazini hata Ngare Nairobi na Tingatinga, mkono wake wa kulia huwa na mlima, na mkono wa kushoto huwa na uwanda wa nyasi ushukao kuelekea Ngare Nanyuki na Mlima Meru. Uwanda huo umeona mengi. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Stewart yalipita humo yakitoka Longido, yakitaka kuwazunguka Wajerumani nyuma ya Kilimanjaro. Baada ya vita walikuja walowezi na mashamba ya ngano na ng'ombe. Mwaka 1973 Serikali iliyataifisha mashamba makubwa ya Kilimanjaro, na huku Magharibi ngano ikalimwa na Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, ambalo nalo baadaye likafa. Mashirika yanakufa, waliokuwa wenyewe wanaondoka, na nyasi zinarudi mahali palipokuwa na matuta. Muda huo wote ndovu walikuwa wakipita.

Ndilo somo letu la juma hili. Ardhi inapoachwa na yule aliyeishika, iwe shamba la mlowezi, mali ya shirika, au hata kambi ya askari iliyofungwa, nani aamue habari ya wanyama waliokwisha kuweka makao humo? Tena aamue kwa kanuni gani?

Huko Marekani, karibu na mji wa Denver, jeshi lilijenga mwaka 1942 kiwanda cha silaha za sumu, na baadaye dawa za kuua wadudu zikatengenezwa papo hapo. Udongo na maji vikaharibika vibaya. Lakini kwa kuwa watu walizuiwa kuingia, wanyama waliingia. Mwaka 1986 walionekana tai wenye vichwa vyeupe, ndege wa taifa lile, wakilala katika miti ya kiwanda. Mwaka 1992 Bunge lao likapitisha sheria kwamba mahali pale, pakiisha kusafishwa, pawe hifadhi ya wanyama. Na mwaka 2007 wakaletwa nyati wa nchi ile. Ni habari njema. Hata hivyo tusiichukue kama ilivyo na kuileta Sanya. Penye ua wa Denver hapakuwa na mama mwenye jembe na watoto sita akiutazama udongo ule kwa njaa. Kwetu yupo, na kihamba alichorithi mumewe kimekwisha gawanywa mara tatu.

Basi tuitazame Biblia. Wengi wetu tumezoea sura za kwanza za Kitabu cha Mwanzo, jinsi mwanadamu alivyopewa bustani ailime na kuitunza. Ni vema. Lakini iko sheria nyingine isiyosomwa sana, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23. Waisraeli waliamriwa kuiacha ardhi ipumzike kila mwaka wa saba. Na mazao yaotayo yenyewe mwaka huo ni ya nani? Kwanza ni ya maskini wa taifa. Kisha kinachosazwa na maskini ni cha wanyama wa porini. Shamba la mizeituni na la mizabibu yalikuwa na sheria hiyo hiyo.

Yafaa tukae kidogo juu ya maneno hayo machache, kwani yana mambo mawili ambayo watu wa siku hizi huyatenga. Jambo la kwanza ni mpangilio: maskini ametajwa mbele ya mnyama. Anayemfukuza mjane katika shamba lake ili watalii wapate kupiga picha, huyo ameigeuza sheria juu chini. Jambo la pili ni kwamba mnyama naye ametajwa. Hakusahauliwa, wala hakuhesabiwa kuwa mwizi. Anayo sehemu yake, nayo imewekwa na Mungu mwenyewe, si na Idara ya Wanyamapori. Anayelima hata inchi ya mwisho, asiache pa kupita wala pa kunywa, amekula sehemu isiyo yake.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikumbusha kuwa mali ya dunia imekusudiwa kwa watu wote. Papa Paulo VI, mwaka 1967, alikiri kwamba mashamba makubwa yasiyotumika huenda yakapasa kutwaliwa kwa ajili ya manufaa ya wote. Katekisimu yasema kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunadaiwa wema juu yao. Papo hapo inaonya kwamba haifai kuwatumia fedha ambazo kwa haki zingeondoa taabu za watu. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa Mei 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja.

Sasa turudi uwandani. Ndovu hawakai mahali pamoja. Wakati wa kiangazi na wakati wa mvua hubadili malisho, wakishuka kutoka msitu wa Kilimanjaro hadi nyanda za Enduimet na ng'ambo ya mpaka, Amboseli nchini Kenya. Njia iliyosalia hupita upande wa kaskazini-magharibi wa mlima, mahali paitwapo Kitendeni, kati ya mashamba ya vijiji. Kundi huongozwa na jike mzee aliyejifunza njia kwa mama yake. Mimba ya ndovu ni miezi 22. Ndama akizaliwa hufuata nyayo hizo hizo. Kwa hiyo anayepanda mahindi katikati ya mapito hayo hajamhamisha ndovu. Amemwekea chakula njiani.

Mtu aweza kuuliza: Je, mlima hautoshi? Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wote mkubwa ukaongezwa ndani yake. Mbona tena wanataka uwanda? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba mlima usio na njia ni kama boma lisilo na mlango. Ndovu waliozibiwa hawafi kimya kimya, huvunja. Na wanapovunja, shamba la kwanza kuvunjwa si la tajiri.

Tena Serikali yenyewe haikutenda vibaya ilipoanzisha jumuiya za hifadhi za wanyamapori kwa sera ya mwaka 1998. Enduimet ilikubaliwa kisheria mwaka 2007, na vijiji vya wilaya ya Longido vimo, miongoni mwao Sinya, Tingatinga, Elerai, Olmolog na Kitendeni. Shabaha ilikuwa kwamba wenye ardhi wapate faida ya wanyama wanaokula ardhi hiyo. Ni shabaha ya haki. Lakini tangu mwaka 2023 kumekuwa na manung'uniko, hasa ng'ambo ya mpaka, kwa sababu madume kadhaa wenye pembe kubwa, ambao watafiti wa Amboseli waliwajua miaka mingi, walipigwa risasi na wawindaji wa kulipa fedha upande wa Enduimet. Sisi hatusemi kwamba uwindaji wote ni dhambi. Twasema tu kwamba mwanakijiji ana haki ya kujua ndovu yule aliingiza shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zilifika darasani na zahanati. Asipojua, hawezi kusema ameshiriki.

Jambo lituumizalo zaidi ni malipo ya hasara. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri ya umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, tena kwa ekari zisizozidi tano; na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Angalia majina yenyewe. Haikuitwa fidia. Mzazi aliyeuza mbuzi anunue mbegu, akalinda kwa tochi na debe usiku kucha hata akasinzia saa kumi, akaamka na kukuta mabua, huyo hakupoteza jasho tu. Amepoteza ada ya shule. Kama taifa zima linafurahia kuwa na ndovu, na wageni wanalipa kuwaona, basi taifa zima libebe gharama. Si haki mzigo wa wote uwekwe juu ya kichwa cha jirani wa njia.

Wako wasemao: tugawe uwanda wote kwa wasio na ardhi, mambo yaishe. Twawaonea huruma, maana njaa ya ardhi mlimani ni ya kweli. Yako mashamba ya zamani yasiyo juu ya mapito, yenye udongo mzuri na maji. Hayo na yagawiwe, tena upesi, kabla wenye fedha wa mjini hawajayaweka mfukoni. Lakini kumpa maskini ekari mbili katikati ya njia ya ndovu ni kumpa vita. Kwa mashamba yaliyo kando ya njia upo msaada usiohitaji risasi. Nchini Kenya, wakulima wa Sagalla karibu na Voi walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao, kwani ndovu kwa ukubwa wake wote humwogopa nyuki. Ua huo hauzuii kila mara, lakini una asali.

Tusisahau pia historia ya uwanda huu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa, ili kutekeleza mpango wa kuifanya Sanya iwe nchi ya walowezi. Mpango huo ulichorwa juu ya ramani kufuatana na ripoti ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947. Kirilo Japhet alisafiri mwaka 1952 hata New York kuwaeleza Umoja wa Mataifa. Walowezi wale wameondoka. Lakini mzee aliyesimuliwa moto ule na baba yake, akimwona leo kijana wa ofisini ameshika ramani yenye mstari wa kijani na kuuita ushoroba, moyo wake hushtuka. Nasi hatuwezi kumlaumu. Mstari ule huenda ni mwema kabisa. Yeye anachouliza ni nani aliyeuchora, na kama aliulizwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikumwacha bila sauti. Mambo makubwa ya ardhi ya kijiji hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa watu wazima wote, wanaume kwa wanawake. Mara nyingi, hata hivyo, baba huenda peke yake, naye mama aliyelinda mahindi usiku hubaki nyumbani akilala usingizi wa mchana. Nyumba za Kikristo na zibadili desturi hiyo. Mkutano wa matumizi ya ardhi ukiitishwa, waende wote wawili. Waombe ramani ifunguliwe mezani, waonyeshwe njia ya ndovu inaanzia wapi na kuishia wapi, upana wake ni hatua ngapi, mashamba ya nani yamo ndani, na hao watapewa nini mahali pengine, tena lini. Majibu yaandikwe katika muhtasari kabla mkono haujainuliwa kupiga kura.