Je, Saa Zenu Zinalingana?



Nyumbani mkikosana, mmoja hutoka kuangalia ng'ombe, mwingine huingia jikoni. Ndani ya gari hakuna pa kwenda. Hayo niliyaona mwezi wa Agosti, miaka michache iliyopita, tulipomtembelea shemeji yangu huko Chicago, Marekani. Kutoka kwake tulikodi gari, mimi, mke wangu na watoto watatu, tukaelekea Los Angeles. Tulipita majimbo ya Illinois, Missouri, Oklahoma, Texas, New Mexico na Arizona hadi California, zaidi ya kilomita 3,000.

Kenya nzima, kutoka Mombasa hadi Busia, hufuata saa zile zile. Marekani sivyo. Ukitoka Texas kuingia New Mexico, unairudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Tena majimbo mengi husogeza saa mbele wakati wa joto, lakini Arizona haifanyi hivyo tangu 1968. Wanavajo, ambao sehemu kubwa ya nchi yao imo Arizona, huzisogeza. Na katikati ya Wanavajo wanakaa Wahopi, ambao hawazisogezi! Barabara ya kutoka Window Rock hadi Tuba City hupita kwa hao wote.

Siku hiyo tulingojewa mjini Flagstaff saa nane mchana. Saa yangu ya mkononi ilikuwa ya Wanavajo. Mke wangu alikuwa ameirekebisha yake ifuate ya Arizona. Mimi niliona tumechelewa, nikaongeza mwendo. Kitinda mimba wetu akaomba tusimame ajisaidie. Nikakataa.

"Baba Watoto, simama tu. Bado tuna nafasi," mke wangu akasema.

"Kwani wewe hujui kusoma saa?" nikamjibu kwa ukali.

Akanyamaza. Watoto nao wakanyamaza. Baada ya kilomita chache mtoto akajikojolea, akalia kwa aibu. Tulifika Flagstaff saa saba na dakika tano. Mwenyeji wetu alikuwa bado anapika.

Saa yangu haikuwa mbovu, wala ya mke wangu haikuwa mbovu. Kosa langu ni kwamba sikumwuliza, "Wewe unahesabu kwa saa ipi?" Swali hilo moja lingemwokoa mtoto.

Nyumbani pia tuna saa mbili mbili. Mume husema, "Nitarudi mapema." Kwake hiyo ni saa mbili usiku, kwa mkewe ni kabla taa haijawashwa. Mke husema, "Pesa zimekwisha." Yeye ameshatenga karo, mume anahesabu zote zilizo kwenye mkoba. Kila mmoja humwona mwenzake mwongo, na watoto ndio hulipa.

Basi, kabla ya kukasirika, uliza. Kuuliza si ujinga. Na ukikosa, rekebisha pale pale ulipoharibu. Jioni ile nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto, maana nilimdharau mbele yao. Kisha nikamwomba mtoto pia.

Ya kuzungumza ninyi wawili:

1. Ni neno gani mnalolitumia nyote wawili, lakini kila mmoja analielewa kwa njia yake?

2. Mara ya mwisho mlipogombana, mtoto gani aliumia, na ni nani aliyemwomba msamaha?